Jiwe la Kumzikia Shemeji

Tangu nirudi mmeniuliza swali moja, kila mtu kwa namna yake: "Fortunata, huko ziwani uliona nini?" Nimewajibu kwa kucheka, nimewajibu kwa kununa, na juzi Asha alipolirudia tunaosha mapezi ya kuzamia nikamjibu vibaya mpaka akaniachia ndoo akaondoka. Samahani, Asha. Sasa nimekaa niandike yote mara moja, mpokezane msome, halafu mtu asiniulize tena.

Mnachokijua ni kwamba niliomba ruhusa, nikaazima mitungi miwili ya hewa, nikaenda kwetu Ruvuma kwa sababu shemeji yangu alipotea Ziwa Nyasa. Jina lake Obadia, mume wa dada yangu Bernadeta. Wengi wenu mlidhani naenda kutafuta maiti, na nyuso mlizonitazama nazo siku ile naondoka sijazisahau. Sikwenda kutafuta maiti. Nilikwenda kutafuta jiwe.

Katika ukoo wa kina Obadia, mtu akimezwa na ziwa asipatikane, huzikwa jiwe mahali pake. Na si jiwe la kuokota ufukweni. Linatolewa chini, palepale alipozamia, na wa kulitoa ni mtu wa upande wa mke, ili kesho asitokee wa kusema ndugu wa mume ndio waliommaliza. Jiwe lisipotoka, mjane anabaki ndani kwenye mkeka. Hapiki, haendi shamba, hatokezi hata uani watu wakiwapo. Kwa kawaida kaka wa mke hujitosa, akaibuka na jiwe lake, mambo yakaisha. Lakini kwetu Matiri hatukuzaliwa na kaka, na binamu zetu wa milimani ukiwaambia waingie ziwani wanakuuliza wamekukosea nini. Nikabaki mimi, ambaye kazi yangu ni kushusha watalii baharini. Bernadeta alikuwa kwenye mkeka tangu masika. Nilipopigiwa simu masika yalikuwa yameshasahaulika.

Kutoka pwani mpaka Songea: basi lililomwombea marehemu

Konda aliitazama mitungi kama nimebeba mabomu.

"Gesi hatupakii, dada."

"Si gesi. Ni hewa."

"Hewa ya nini?"

"Ya kuvuta, kaka yangu. Ya kupumua."

Hapo ndipo nilipojichongea. Abiria wa mbele alimgeukia wa nyuma yake akamwambia ni hewa ya mgonjwa, na kabla hatujatoka stendi basi zima lilijua kuna binti anakimbiza hewa Ruvuma kuokoa mtu. Nikapewa kiti kizuri. Nikanunuliwa mahindi ya kuchoma. Ningesema ukweli mapema, lakini mnanijua, mtu akinipa kiti cha dirishani siulizi sana.

Basi likaharibika mbele ya Njombe, kwenye baridi ile ya kuuma masikio. Tulishuka, tukakaa kando ya barabara tukila viazi vya kuchemsha na chumvi, fundi akiwa chini ya gari miguu tu inaonekana. Mama mmoja wa Tingi aliyekuwa na tenga la kuku akaniuliza, mgonjwa anaitwa nani. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Obadia." Sijui kwa nini sikutaja jina lingine lolote duniani.

Yule mama akasimama. Akawakusanya watu, Wakatoliki, Waanglikana, na Waislamu wawili wakavua kofia kwa heshima tu, akafunga macho: "Ee Bwana, mrudishie Obadia pumzi. Huko aliko, Bwana, mtoe." Na wote wakajibu amina, kwa sauti moja, kwenye ukungu. Nilitamani kuwaambia nyamazeni jamani, mtu mnayemwita yuko chini ya maji. Injini ikawaka palepale, wakapiga makofi.

Tulipoachana Songea mama wa Tingi akanipa yai la kuchemsha. "Mpe Obadia. Akishapata nguvu ale." Nililibeba mpaka Mbinga mjini, nikalila stendi, nimeutazama ukuta kwa aibu.

Matiri: Mama hataki kuona maji

Kwetu nilikuta kahawa bado mbichi mtini na mama yuko kilimani anaandaa ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mteremko. Alinikumbatia jembe likiwa mkononi. Jioni tulikula ugali wa mahindi na maharage, na alinisubiri nishibe ndipo aseme. Mama yangu hasemi jambo na mtu mwenye njaa.

"Hilo ziwa lenu mimi silijui. Nimeliona mara moja, siku ya harusi ya Bernadeta, nikasema basi imetosha. Usinitafutie mkwe. Nitolee mwanangu."

"Nikitoa jiwe watamwachia, Mama. Wataondoa msiba, atakuwa huru."

"Na kama hakufa?"

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo. Akajifanya anachochea moto. Akaanza kuzungumzia Krismasi, Obadia alivyokuja kuwasalimu amevaa koti nililomtumia, jua linawaka, jasho linamtoka, amekataa kulivua. "Alilipenda lile koti kuliko dada yako," akasema, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Koti lenyewe nililinunua mtumbani Tanga. La mvua, kijani, na mstari wa njano mabegani. Mfuko wa kushoto ulikuwa umechanika, nikaushona kwa uzi mwekundu kwa kuwa kijani sikuwa nao. Likumbukeni.

Kuteremka: mtu wa ufukweni

Kutoka Mbinga barabara inateremka kwa kujikunjakunja mpaka masikio yanaziba. Unaondoka umevaa sweta, unafika Mbamba Bay unatafuta pa kulitupa. Na ziwa linatokea bila kukuonya. Unapinda kona moja, hilo hapo, limejaa mpaka kwenye mbingu. Siku ile hewa ilikuwa safi na milima ya Malawi ilionekana ng'ambo, myembamba. Dereva wa pikapu iliyonipeleka upande wa Ngumbo akanielekeza kwa kidevu, "Karibu tu pale. Mtu mwenye boti ya injini anavuka asubuhi, mchana anakula kwao." Sikumtia maanani.

Kijiji cha kina Obadia kimekaa kati ya mihogo na maji, na mbele yake kuna miamba mikubwa iliyotoka ziwani, mingine kama nyumba. Nilishuka nikiwa nimekumbatia mtungi mmoja. Nikatazama ufukweni.

Obadia alikuwa anatembea kando ya maji.

Koti la kijani, mstari wa njano. Kofia yake imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Anavuta mguu wa kulia kidogo, kama alivyokuwa akivuta tangu aanguke na pikipiki. Akasimama, akakohoa kikohozi chake cha mara mbili, akaninyooshea kidole. "Shemeji! Umeniletea nini kutoka Tanga?"

Nilipiga yowe. Yesu na Maria, yowe ambalo sijawahi kupiga hata kwa papa! Mtungi ukaniponyoka ukabingirika mpaka majini. Kijiji kizima kikaangua kicheko, kina mama wanashikana mabega, na yule mtu akavua kofia. Hakuwa Obadia. Alikuwa Lukasi, mtani wao.

Nimekaa pwani mpaka nimesahau ya kwetu, ndiyo maana nilitishika. Mtani kazi yake msibani ni hiyo: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anaiga sauti, anawadai watu wake chakula. Watu wanalia, wanacheka, wanalia tena. Na Lukasi alikuwa na haki kuliko wote, maana ukoo wake na wa kina Obadia ni watani tangu mababu, na yeye na Obadia walivua pamoja, mara nyingine kwa boti ya injini ya Lukasi. Ndiye aliyemwona mwisho. Alisema alimwacha akipiga kafi kuelekea mwamba mkubwa wa nje, asubuhi, peke yake. Baadaye bakuli lake la kukumbia maji likaokotwa linaelea. Tangu hapo hakuna aliyetupa wavu pale. Ni mwiko mpaka jiwe litoke.

Nilimtukana Lukasi matusi ya utani mpaka nikatosheka. Alinijibu vizuri tu.

Kwenye mkeka

Kaka mkubwa wa Obadia, Mzee Stefano, alinipokea mlangoni. "Shikamoo, shemeji," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Mwenzako yuko ndani." Ni mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto.

Dada alikuwa amekonda. Nywele zimekua zimesokotana, macho makubwa. Tuliletewa ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa Nyasa, wamekaangwa na nyanya. Nilikula mimi, yeye akawa ananitolea wale wenye mchanga. Nje tulimsikia Lukasi akiwadai wanawake chakula kwa sauti ya Obadia: "Mke wangu yuko wapi? Huko chini wananilisha matope!"

"Anamwigiza mpaka kikohozi," Bernadeta akasema. "Kila siku namsikia. Siruhusiwi kutoka kumwona, basi nakaa hapa nasikia mume wangu anapita dirishani anaomba ugali. Siku nyingine nainuka kwenda kupakua."

Nikamshika mkono.

"Watu wanasema yuko ng'ambo," akaendelea. "Wanasema ana mwanamke kule. Wengine wanasema nimemloga. Fortu, ukiniambia amekufa, nitalia nimalize. Ukiniambia yupo, nitajua la kufanya. Lakini hili la katikati ndilo linaloniua mimi. Kesho usiniletee jiwe tu. Uangalie."

"Nitaangalia."

"Uangalie vizuri, mdogo wangu. Wewe macho yako huko chini yamezoea."

Mwambani

Tulikwenda asubuhi, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Lukasi alipiga kafi nyuma, bila koti siku hiyo, na hakutania hata kidogo. Mzee Stefano alikaa mbele na kitabu chake cha sala. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza la kwangu: nijifunge kamba kiunoni, ikivutwa mara tatu nipande. La pili la kwao: nikishashika jiwe nisiseme neno na mtu yeyote mpaka nilikabidhi mkononi kwa mjane.

"Ni hapa," Lukasi akasema, upande wa mwamba unaotazama nje.

Nikaingia.

Nyie mnaojua kuzamia nisikilizeni. Miamba yetu ya baharini ina kelele, ile chwachwachwa kama mtu anakaanga vitunguu mbali. Tumeizoea hatuisikii tena. Ziwani hakuna. Hakuna sauti kabisa! Nilisikia pumzi yangu, halafu nikaanza kusikia moyo wangu, halafu nikatamani nisisikie. Mwamba ule unaendelea chini kama unavyoendelea juu, jabali juu ya jabali, na katikati nafasi zenye giza kama milango iliyoachwa wazi. Maji hayana chumvi mdomoni, yaani unaweza kusahau kwamba uko majini. Na samaki wadogo wa buluu na njano hawakimbii. Wanakuja, wanasimama mbele ya kioo, wanakutazama usoni. Nilimwona mmoja ana wanawe wanamzunguka. Alipohisi kivuli changu akafungua mdomo, watoto wote wakaingia ndani, akaufunga, akabaki ananitazama kana kwamba hajapata kuzaa.

Upande ule hapakuwa na kitu ila mchanga. Nikazunguka mwamba kuelekea upande wa ndani, unaotazama kijiji. Palikuwa na upenyo mkubwa chini ya jabali. Nikausogelea, na kamba ikavutwa. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu, kwa nguvu, mpaka nikageuzwa.

Nikapanda. "Kuna nini? Mbona mmenivuta?"

Mzee Stefano alikuwa bado ameinamia kitabu. Akainua uso, ameshangaa. "Hatujavuta, shemeji."

"Imevutwa mara tatu."

Lukasi alikuwa ameketi juu ya kamba, anatazama ng'ambo. "Labda mwenyewe anakuita," akasema. Mtani amesema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye. Mzee Stefano akafanya ishara ya msalaba.

Haki ya Mungu nilitaka kurudi. Ila mnanijua, ukinitisha sana naishia kukasirika. Nikafikiria macho ya dada yangu, nikafungua kamba kiunoni, nikaitupa mtumbwini. Lukasi akasema, "Usifanye hivyo, shemeji, tafadhali," kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. Nikazama moja kwa moja mpaka kwenye upenyo.

Mtumbwi wa Obadia ulikuwa humo. Umekaa wima kwenye mchanga, umesukumwa chini ya jabali vizuri, kama kitu kilichowekwa uvunguni mwa kitanda. Ndani umejaa mawe. Makubwa chini, madogo yamejazwa kwenye nafasi, na kafi limelazwa kwa urefu chini yake. Nilimulika kila mahali. Hapakuwa na mfupa, hapakuwa na nguo. Samaki walisimama kwenye ukingo wa mtumbwi wamejipanga, wananitazama.

Nilifikiri nimeelewa. Hawa watu hubeba mawe ya kushushia nyavu. Nikasema, maskini shemeji, alipakia kupita kiasi, mtumbwi ukazama naye. Nililia ndani ya miwani, jambo ambalo nawakataza wateja kila siku. Kisha nikachukua jiwe moja la juu, la mviringo, laini, ukubwa wa kichwa cha mtoto, nikapanda.

Sikusema neno, kama nilivyoagizwa. Njia nzima Mzee Stefano alilia taratibu. Lukasi hakulitazama jiwe. Alinitazama mimi, usoni, kila kafi moja, mpaka mtumbwi ukagusa mchanga.

Bernadeta anauliza

Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kanga mapajani. Nilimwambia, kwa kunong'ona, kwamba nimeuona mtumbwi, kwamba Obadia amekufa kweli, kwamba sasa alie amalize. Nilidhani namletea nafuu.

Hakulia. "Mtumbwi umepinduka?"

"Hapana. Umekaa wima."

"Na hili umelitoa wapi?"

"Humohumo ndani. Umejaa mawe, dada, ya nyavu. Nadhani yalimzidi."

"Yamemwagika ovyo au yamepangwa?"

"Yamepangwa. Makubwa chini, madogo juu."

"Na kafi?"

"Limo. Chini ya mawe."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani, na kicheko hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo nikiwa peke yangu.

"Mdogo wangu, huku mtu akisafiri hauachi mtumbwi juani upasuke, au uibiwe. Anaujaza mawe anauzamisha. Akirudi anayatoa mawe, unaibuka mzima. Obadia ndivyo alivyokuwa akipanga, makubwa chini. Mtu anayezama hapangi mawe, Fortu."

Nikasema jambo la kijinga ili tu niseme. "Na ulivyowapa hata koti lake wamwigizie! Jana lilinitoa roho."

"Koti gani?"

"Lile langu. La kijani. Lukasi analo, ndilo analovaa."

Akanigeukia taratibu. "Mimi sijatoa koti. Kina Mzee Stefano wamechukua kofia na suruali. Koti aliondoka nalo asubuhi ile. Nilimfunga mimi vifungo."

Basi. Nje Lukasi alikohoa mara mbili, akapita dirishani. Ndipo nilipojua nani aliyevuta kamba, na nani aliyemvusha Obadia ng'ambo kwa boti yake akaachiwa koti, na kwamba bidii yake ya kuigiza vizuri ndiyo imemtia mbaroni. Angevaa shuka la zamani tu, nani angejua?

Nikasimama niende kumwita Mzee Stefano. Bernadeta akanidaka mkono, nguvu ambazo sikujua anazo.

"Nikisema yupo, mimi ni mke wa mtu aliyesafiri. Watasema nimsubiri. Nitakaa kwenye mkeka huu mpaka azeeke huko na mwanamke wake, siku akichoka aje autoe mtumbwi wake na mimi anitoe. Hapana! Kaa chini. Kesho mtamzika."

Mazishi

Padre alisoma sala zake akasogea pembeni, maana jiwe ni la ukoo, si la kanisa. Walilivika sanda ndogo. Bernadeta alitolewa nje kwa mara ya kwanza, ameshikwa na wanawake wawili, anapepesa macho kwa jua. Watu walikuwa wengi, na kimya.

Nyuma ya mihogo sauti ikapaa: "Mbona mnanizika na mimi nipo?"

Akaja Lukasi anavuta mguu, koti la kijani, kofia kwenye nyusi. Kicheko kikapasuka. Hata Mzee Stefano alitabasamu machozi yakimtoka. Dada yangu akawaachia wale wanawake, akasogea mpaka mbele yake.

"Umetoka wapi, mume wangu?"

"Nimetoka majini, mke wangu. Nina njaa."

"Majini? Mbona koti kavu?"

Watu wakaanguka kwa kucheka. Kina mama walipiga vigelegele, mjane anajua utani!

"Uliondoka nalo," Bernadeta akasema, bado kwa sauti ya utani. "Nilikufunga vifungo kwa mikono hii. Livue. Uzikwe nalo."

Alilivua. Vidole vilikataa vifungo, ikabidi dada yangu amsaidie. Alilikunja vizuri, mfuko wenye uzi mwekundu ukiwa juu, akalilaza kaburini juu ya jiwe. Halafu akamtazama Lukasi machoni, lakini hakuwa akimwambia Lukasi.

"Huko ulikovuka, kaa. Siku ukija kwangu usipige hodi. Nimekuzika mbele ya watu."

Wakacheka tena, wachache kidogo. Mzee Stefano hakucheka. Alilitazama koti, akamtazama Lukasi, akalitazama ziwa kwa muda. Kisha akachukua jembe, akatupa udongo wa kwanza yeye mwenyewe, na akaendelea kutupa mpaka kijani hakikuonekana. Lukasi aliondoka na fulana, anatembea kwa miguu yake miwili mizima. Hakuja kula.

Nyumbani

Nilipanda na dada mpaka Matiri. Kwenye kona ya mwisho inayoonyesha ziwa dereva alipunguza mwendo, akidhani tunataka kutazama. Bernadeta akamwambia aendelee. Mama alimpokea akamnyoa, akampa jembe. Mitungi nimeirudisha, kama mnavyoona, mmoja una kovu.

Sijui kama ule mtumbwi bado upo pale uvunguni. Najua mawe yake yamepungua moja. Ndilo jibu langu kwa swali lenu, na ningeishia hapo kama si simu ya juzi, ile iliyofanya nimjibu Asha vibaya.

Bernadeta alipiga mchana. Tulizungumza kahawa, imeiva, wanaianika. Mama hajambo. Halafu akasema, kama anazungumzia mvua, kwamba jana Mama alikuwa shambani na mtu akaja uani akapiga hodi.

"Nani?"

"Sijui. Alipiga kwa Kinyasa."

Matiri hakuna anayepiga hodi kwa Kinyasa, lugha ya kule ziwani.

"Ulimwonaje? Anavuta mguu?"

"Sikuinuka. Nilikuwa ndani nachambua kahawa. Akapiga ya pili, nikachambua. Akapiga ya tatu, akakohoa, akangoja kidogo, akaondoka."

"Dada, hukuchungulia hata dirishani?"

"Nimchungulie nani, Fortu?" akasema, na nikasikia kahawa ikimwagika kwenye ungo, taratibu. "Mimi ni mjane."